Nani Ametangulia?

Bi Chausiku hakuwa na haraka. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ofisi ya Soko la Mgungani, khanga yake ya pili ameikunja mapajani, na kila aliyepita kuelekea vizimba vipya alimtupia jicho la kumpima.

"Yule pale," akamwambia Inspekta Naima, akimwonyesha kwa kidevu kijana aliyekuwa anatundika suruali za mitumba kwenye kizimba cha kwanza kabisa, kinachotazama barabara ya Tabata. "Suleiman yule. Mama yake kamzaa mie nishachoka kuuza nazi hapa. Leo yeye yuko mbele, mie niko mtaroni na nzi. Kompyuta gani hiyo isiyojua mkubwa na mdogo?"

"Ndicho kilichonileta, bibi. Niazime kadi yako."

"Kadi hiyo hapo. Lakini usije ukaipoteza, polisi nyie mnapotezaga vitu."

Naima akaipokea. Ilikuwa kadi ya zamani ya mfanyabiashara, karatasi ngumu iliyolainika kwa jasho: namba 214, mwaka wa kuanza biashara 1967. Akaingia nayo ndani.

Sajenti Apolinari alikuwa ameshamaliza nusu ya chupa ya chai ya ofisi ambayo hakuna aliyemkaribisha. Alikuwa mtu wa Newala, mwenye tumbo na masihara, umri wake ukimzidi Naima na cheo chake kikiwa chini ya cha Naima. Mambo yote hayo mawili aliyabeba bila kinyongo.

"Afande, tufanye hima," akasema. "Umeme wa mgao unakatwa adhuhuri. Na karandinga linaondoka na mahabusu wa mahakamani saa hizo hizo. Karani wetu yumo."

Karani wao alikuwa Sesilia, mwanamke wa Tabata aliyeingiza majina yote ya wafanyabiashara kwenye kompyuta ya soko. Soko lilipojengwa upya, uongozi uliahidi kwamba vizimba vitagawiwa kwa kutanguliana: aliyeanza biashara zamani achague mbele, mgeni akae nyuma. Majibu yalipotoka, wageni walikuwa mbele na wazee mtaroni. Mdogo wake Sesilia, Marietha, akaonekana amepewa kizimba cha tatu kutoka mbele ilhali hakuwa amemaliza hata mwaka sokoni. Naima mwenyewe ndiye aliyemkamata Sesilia. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzuri: aliyeandika miaka ndiye pekee angeweza kuigeuza. Leo alikuja kuchukua ushahidi wa mwisho tu, kulinganisha kadi za watu na kilichoandikwa ndani ya mashine, ili jalada lifungwe.

Akaketi mbele ya kompyuta, akaandika namba 214. Kioo kikatoa jina la Bi Chausiku, bidhaa yake, mtaa wake, na mwaka.

1967.

Naima akaitazama kadi, akakitazama kioo. Akaandika namba ya muuza mchicha aliyesukumwa nyuma. Mwaka ulikuwa sahihi. Akaandika ya muuza samaki wa kukaanga. Sahihi. Akaandika 409, ya Suleiman wa mitumba: 1991. Sahihi pia. Hapo mkono wake ukasimama juu ya kibodi.

"Kuna nini?" Apolinari akauliza.

"Sesilia hakugeuza kitu."

"Afande, sema tena."

"Miaka yote ni kama ilivyo kwenye kadi. Ukiwapanga watu hawa kwa miaka hii, Bi Chausiku anakuwa mbele. Lakini mashine imempeleka nyuma."

Apolinari akakiweka kikombe chini. "Basi mashine imelewa."

"Mashine hailewi, Sajenti. Inafanya ilichoambiwa."

"Na Marietha?"

"Wa Marietha nao umeandikwa mwaka wake wa kweli. Angekuwa nyuma kabisa. Kama dada yake alitaka kumwibia kizimba, mbona hakugusa mwaka wake?"

Apolinari akakuna shingo. Ilikuwa hoja ambayo, kama wangeiona mapema, Sesilia asingelala sakafuni.

Naima akafungua programu yenyewe, yale maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Pascal. Macho yake yalishuka taratibu mpaka kwenye mstari wa kupanga. Mstari ule aliujua kama anavyoijua sauti ya mama yake. Ulisema: Panga wafanyabiashara, kwa kutumia Ametangulia.

Wiki iliyopita alifika hapo hapo, akatabasamu, akaendelea mbele.

"Hili neno, Ametangulia, ni letu," akasema. "Mimi na Anselmo."

"Huyo rafiki yako fundi wa kompyuta ya soko?"

"Tulikuwa naye Mlimani, darasa moja la hisabati. Tuliapa kwamba ipo siku karani wa Buguruni atasoma programu bila kumwomba mtu amtafsirie. Tukachukua alama zote za kwenye mashine, ya kujumlisha, ya kutoa, ya kuzidi, ya kupungua, kila alama tukaiandikia fanksheni yake yenye jina la Kiswahili. Jumlisha. Toa. Sawa. Ametangulia. Tukazitia zote mahali pamoja, tukapaita Kisanduku."

"Kwani alama ilikuwa na ubaya gani?" Apolinari akauliza. "Mie alama ya kujumlisha naijua tangu darasa la kwanza, na haijawahi kuniudhi."

"Haina ubaya. Lakini alama haitumwi." Naima akageuza kiti. "Hebu sikiliza. Panga ni mtu mwenye nguvu lakini hajui kitu. Kazi yake ni kusogeza watu kwenye foleni. Kila akikuta wawili, lazima amuulize mwingine: kati ya huyu na huyu, nani ametangulia? Huyo mwingine ni hakimu. Sasa huwezi kumkabidhi Panga alama ya ndogo-kuliko ukamwambia nenda nayo. Alama ni kama kukonyeza jicho, hufanyika pale pale na kwisha. Ukitaka kumtuma hakimu kwa Panga, lazima awe na jina. Hiyo ndiyo fanksheni. Inafanya kazi ile ile ya alama, ila ina jina, inaweza kutumwa."

"Na hakimu akiwa na ndugu kwenye foleni?"

Naima akaigeukia kompyuta. Akaanza kuandika.

Fanksheni yenyewe hakuweza kuisoma. Katika mashine ile Kisanduku kilikuwa kimeshafungwa kwa lugha ya mashine, na maandishi yake ya asili hayakuwemo. Kitu kisichosomeka kina dawa moja: kuhojiwa kama mtuhumiwa. Akaandika programu fupi. Iwachukue watu wawili, iulize swali lile lile mara mbili, kwanza kwa alama, kisha kwa fanksheni, na kuyaweka majibu juu na chini.

"Tuanze na wale niliowajaribu wiki iliyopita," akasema. "Muuza mchicha na muuza samaki."

Alama ikasema KWELI. Fanksheni ikasema KWELI.

"Wanakubaliana," akasema Apolinari.

"Walikubaliana hata siku ile. Ndiyo maana nikaridhika." Naima akaondoa vidole kwenye kibodi. "Lakini hawa wawili sikuwachagua mimi. Anselmo alikuwa amesimama nyuma yangu hapa. Yeye ndiye aliyesema, jaribu mama wa mchicha na yule wa samaki."

Apolinari akavuta kiti karibu.

Naima akaandika jina la Bi Chausiku, kisha la Suleiman. Je, Bi Chausiku amemtangulia Suleiman?

Alama: KWELI.

Fanksheni: SI KWELI.

Apolinari akasoma tena kwa midomo. "Sitini na saba haijaitangulia tisini na moja? Huyu hakimu kasomea wapi?"

Naima akavuta mkoba wake, akatoa disketi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa na Kisanduku cha asili, kile walichokiandika Mlimani, na ndani yake maandishi yote yakisomeka. Alikuja nayo kwa sababu Anselmo alimwomba. Yangu imeharibika, alisema, niletee hiyo yako niitunze, wewe polisi utaipoteza. Wangekutana hapa hapa sokoni leo ampe.

Akaitia disketi kwenye mashine. Akaiambia programu yake ndogo imwache hakimu wa ofisini, imtumie hakimu wa Mlimani.

Alama: KWELI. Fanksheni: KWELI.

Akamrudisha wa ofisini. SI KWELI.

"Wawili wanasema kitu kimoja, mmoja peke yake anasema kingine," akasema Apolinari. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Majina yao mamoja, sura zao moja. Afande, hapa pana mtu kavaa nguo za mwenzie."

"Tumhoji mpaka tujue anampenda nani."

Akaanza kubadilisha kitu kimoja kimoja cha Suleiman na kuuliza upya. Akambadilisha jina: SI KWELI. Akamtoa kwenye mitumba akamtia kwenye nyanya: SI KWELI. Akamhamisha kutoka Wazo akampeleka Temeke: SI KWELI. Hata alipoandika kwamba Suleiman ameanza biashara mwaka huu huu, hakimu akashikilia kwamba Bi Chausiku hajamtangulia. Kikabaki kitu kimoja, namba ya kadi, kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hawezi kukipa uzito wowote katika kupanga foleni. Naima akaifuta 409, akaandika 408.

KWELI.

Akaandika 419. SI KWELI. 418. KWELI. 429. SI KWELI.

"Tisa ya mwisho," akasema polepole. "Mwenye kadi inayoishia na tisa amewatangulia wote, hata kama amezaliwa jana."

Apolinari alikwisha simama. Aliporudi alikuwa anahema, shati limemganda mgongoni.

"Vizimba vya mbele vyote nimevizunguka. Nimewaambia nakagua kadi, basi. Tisa, tisa, tisa. Wote wanasema kadi wamepewa na mwenyekiti wa soko, mzee Wilfred, mkononi. Isipokuwa mmoja."

"Marietha."

"Marietha anasema yake aliletewa na Anselmo. Alimwendea mpaka nyumbani, akamwambia, dada, hii ya zamani ina makosa, chukua hii. Kamshukuru na soda kampa." Apolinari akajifuta uso. "Afande, yule hakuwa anamsaidia. Alikuwa anatutengenezea mtu wa kukamata."

Naima akakitazama kioo. Akawasha printa, akaanza kuchapa majibu yale, moja baada ya jingine.

Anselmo alifika akipiga mluzi. Alikuwa mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi, na mkononi alikuwa na gazeti lenye sambusa zinazotoa mafuta.

"Komredi!" akasema. "Bi Chausiku kanikataza kupita mpaka nimwamkie mara mbili. Shikamoo sajenti. Nimeleta sambusa, na wewe umeniletea disketi yangu?"

"Marahaba," akajibu Apolinari, asiguse sambusa.

"Nimekuja nayo," akasema Naima. "Kaa kwanza. Nina shida na ripoti yangu. Hakimu wa mahakamani hajui Pascal, nataka aelewe. Niambie kwa maneno yako, kwa nini tulitumia fanksheni hapa badala ya alama?"

Uso wa Anselmo ukang'aa, kama ulivyokuwa uking'aa kwenye ngazi za maktaba. "Kwa sababu alama haishikiki! Panga anataka kukabidhiwa kitu. Unamkabidhi fanksheni. Halafu kuna lile jambo letu la siku zote, kwamba anayesoma aelewe. Hivi Ametangulia na ile alama ya mdomo wa kunguru, kipi kinasomeka?"

"Kwa hiyo inafanya kazi ya alama tu."

"Kazi ya alama."

"Haizidishi, haipunguzi."

"Haizidishi, haipunguzi. Komredi, haya si tuliyaandika pamoja?"

"Ndiyo. Sajenti anayaandika maelezo yako, usijali. Na ndani ya Kisanduku anaweza kuingia nani?"

"Hakuna. Mwenye maandishi ya asili ni mimi na wewe tu. Bila maandishi hukigusi."

"Sesilia je?"

Anselmo akacheka. "Sesilia? Sesilia anajua kuingiza majina na miaka. Kisanduku hajui hata kama kipo. Miaka ndiyo aliyoichezea."

"Miaka tumeilinganisha na kadi. Ni sahihi yote."

Kicheko kikaisha nusu. Anselmo akaziweka sambusa juu ya meza, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Basi itakuwa kirusi," akasema. "Siku hizi virusi vimezagaa, komredi. Disketi zinapita mikono mingi."

"Kwa nini isiwe rahisi? Tutoe Kisanduku cha hapa, tutie changu cha Mlimani. Kama vyote vinafanya kazi ya alama, majibu yatakuwa yale yale."

"Usitie!" Mkono wa Anselmo ulikuwa umeshafika kwenye mashine. Akaurudisha. "Nasema, disketi yako ya zamani. Inaweza kuharibu kila kitu."

"Nimeshaitia," akasema Naima. Akamsogezea karatasi zilizochapwa. "Nimehoji na cha kwako. Tisa ya mwisho, Anselmo."

Hakuzisoma. Alitazama tu ukingo wa meza. Nje Bi Chausiku alikuwa anabishana na mtu kuhusu bei ya nazi ambayo hakuwa nayo.

"Mzee Wilfred ametupa chumba," akasema mwishowe.

"Ametupa nani?"

"Sisi. Mimi na wewe. Kile cha juu, chenye madirisha pande mbili. Shule ya kompyuta kwa Kiswahili, Naima, watoto wa Buguruni na Tabata, bure kabisa. Amesema na mashine atanunua. Nilizunguka ofisi ngapi na yale maandiko yetu? Wote waliniambia njoo kesho. Yeye peke yake alisema ndiyo. Akataka jambo moja dogo tu."

"Bi Chausiku ni jambo dogo?"

"Bi Chausiku ana kizimba! Hakunyimwa. Kasogezwa."

"Na Sesilia kasogezwa mahabusu."

Anselmo akafumba macho. "Huyo nilijua utamwachia. Ushahidi haukuwepo. Nilijua kesi itakufa, aende nyumbani, yaishe. Mie sikutaka mtu aumie, wallahi... haki ya Mungu, Naima. Kibao cha shule nimeshampa fundi. Jina lako limetangulia langu."

Apolinari akakohoa. Naima hakugeuka.

"Nani alimwambia mkuu wa upelelezi kwamba kesi hii nipewe mimi?"

Anselmo akakunja ncha ya gazeti la sambusa.

"Alikuja ofisini kwangu akasema, fundi wa soko anasema una ujuzi wa kompyuta. Nikafurahi. Nikadhani umenisifia."

"Nilikusifia."

"Kama angekuja mwingine, angeanza na Kisanduku, kwa sababu hakijui. Ulitaka aje anayekijua."

"Nani anafunua chungu alichopika mwenyewe?" akasema Anselmo. Alisema kwa sauti ndogo, bila kejeli, kama anayemweleza mwanafunzi njia ya swali gumu. Ndipo uso wa Naima ukabadilika kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na Apolinari, aliyeuona, akayashusha macho kwenye maelezo aliyokuwa anaandika.

Anselmo akainama mbele. "Sikiliza. Kuna watu wawili duniani wenye maandishi ya Kisanduku. Ya kwangu nimeshayafuta. Ukiitoa hiyo disketi mahakamani, wakili wa mzee Wilfred atauliza swali moja: nani mwingine angeweza kukibadilisha? Na jibu ni wewe. Wewe uliyekipitisha wiki iliyopita. Wewe ambaye jina lako liko kwenye kibao. Ukinipa mimi disketi, mwanamke yule anatoka kwa kukosekana ushahidi, mimi narekebisha vizimba kimya kimya, na Kisanduku chetu kinabaki."

"Anatoka akiwa mwizi ambaye hakushikwa."

"Anatoka, Naima."

Naima akaichomoa disketi kwenye mashine. Anselmo akanyoosha mkono, kiganja juu, na kwa kitambo kifupi ilionekana kama ataiweka pale. Akampa Apolinari.

"Sajenti, pokea kielelezo. Andika kimetoka kwa nani."

"Niandike kwa nani, afande?"

"Kwa Naima binti Mwinshehe, aliyeshiriki kukitunga. Andika pia kwamba tangu sasa mimi ni shahidi, jalada si langu. Mkamate huyu wewe, mimi siwezi tena."

"Afande, watakuandama mpaka cheo kikutoke."

"Andika."

Apolinari akaandika. Kisha akasimama mbele ya Anselmo, akamwambia maneno ambayo sheria inataka aambiwe. Anselmo hakubisha. Alipofika mlangoni akageuka.

"Tulikiandika kwa mikono yetu sote, komredi."

"Usiniite hivyo," akasema Naima.

Taa ikazimika. Mgao ulikuwa umefika kabla ya wakati wake.

Karandinga lilikuwa limeshawashwa walipoingia kituoni, mahabusu wakipanda mmoja mmoja. Naima alikimbia kwa miguu kutoka getini. Mkuu wa upelelezi alimsikiliza akiwa amesimama, akazisoma karatasi za printa, akamwita Apolinari na kumsikiliza na yeye. Halafu akalichukua jalada mkononi mwa Naima bila kusema asante wala pole, akamwambia arudi kesho na maelezo yake ya maandishi, na asiguse kesi hii wala nyingine mpaka aambiwe. Kisha akatoka mwenyewe uani, akapiga kofi kwenye bodi la gari.

"Sesilia ashuke."

Alishuka taratibu. Miguu ilikuwa imevimba na kitenge kilikuwa na vumbi la sakafu. Kaunta wakamrudishia pochi yake, saa ya mkono na kandambili. Akavivaa kimoja kimoja, hana haraka, na Naima akamsubiri pembeni mpaka alipomaliza.

"Dada Sesilia," akasema. "Aliyefanya ni Anselmo. Yuko ndani. Nilikosea mimi. Nakuomba radhi."

Sesilia akamtazama. "Siku ile unanifunga pingu nilikwambiaje?"

"Uliniambia nianze na aliyeitengeneza programu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema namjua."

"Ukasema, 'yule ni ndugu yangu.' Mie nikanyamaza. Nikasema, msomi huyu, ana macho ya huruma, atakwenda kuangalia tu." Akatikisa kichwa. "Hukwenda kuangalia."

"Sikwenda."

"Radhi yako mie niifanye nini? Niivae?" Sesilia alitia pochi kwapani. "Ulikuja kunichukua nyumbani mchana kweupe, watoto wanakula. Mtaa mzima ulisimama. Mwanangu mdogo anaitwa mtoto wa mwizi bombani, haendi tena kuchota maji. Wewe ukinisemea hapa kaunta, nani kasikia?"

Naima akasema, "Twende."

"Wapi?"

"Kwako."

Sesilia akampima tangu kichwani mpaka miguuni, kwa muda mrefu, kama anayekagua noti. Hakusema ndiyo. Alianza tu kutembea, na Naima akamfuata.

Uani Tabata kulikuwa na wanawake wakichambua mchele kwenye ungo na wengine kwenye foleni ya ndoo. Walipomwona Sesilia baadhi walisimama, mmoja akapiga kigelegele kisha akakikatisha alipomwona aliye nyuma yake. Mtoto mdogo akatoka mbio mlangoni, akamkumbatia mama yake kiunoni, akaficha uso. Watu wakasogea. Hakuna aliyemkaribisha Naima kiti.

"Haya, sema," akasema Sesilia.

Naima akasimama katikati ya ua. Akataja jina lake na la baba yake, cheo hakukitaja. Akasema kwamba mama huyu hakugeuza mwaka wa mtu yeyote, hakumpa mdogo wake kizimba, na hajaiba kitu.

Mzee mmoja wa kike, aliyekuwa ameshika ungo, akautua chini.

"Sasa mwanangu, kama hajaiba," akauliza, "nani aliyesema ni mwizi?"

Mtoto akainua uso kutoka kwenye kitenge cha mama yake, naye akitaka kusikia.

"Mimi," akasema Naima.